Makanisa ya Australia Yafungue Madaftari ya Watoto Waliochukuliwa

Tarehe 18 Januari 1815, Gavana Lachlan Macquarie alifungua nyumba ya kulea watoto wa Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, huko Parramatta, karibu na Sydney. Aliyekabidhiwa kuiongoza ni William Shelley, mmisionari aliyewahi kufanya kazi katika visiwa vya Pasifiki. Masharti yalikuwa yametangazwa mapema. Wangeanza na wavulana sita na wasichana sita, wenye umri wa miaka 4 hadi 7. Mtoto akishaingia hatoki, hata mzazi wake aje kumdai, mpaka mvulana afikishe miaka 16 na msichana 14. Wazazi walitengewa siku moja tu katika mwaka, 28 Desemba.

Mwaka 1819 msichana wa nyumba hiyo aitwaye Maria alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa koloni, akiwapita watoto wa Kizungu. Kwa hiyo hatubishani kama watoto walifundishwa. Walifundishwa, tena vizuri. Ubaya umo katika lile sharti la kutotoka, nalo ndilo lililorithiwa na karibu kila misheni iliyofuata.

Sheria zilikuja baadaye kulitia nguvu sharti hilo. Sheria ya Australia Magharibi ya mwaka 1905 ilimfanya Mlinzi Mkuu, yaani ofisa wa serikali, kuwa mlezi halali wa kila mtoto wa Kiaborijini aliye chini ya miaka 16, hata kama mama yake yuko hai na anamlea. Jimbo la New South Wales lilitunga yake mwaka 1909, na marekebisho ya 1915 yakaiondolea bodi ya serikali ulazima wa kwenda mahakamani kabla ya kumchukua mtoto. Polisi alikuja na amri, basi. Ila serikali ilikuwa na amri nyingi kuliko vitanda. Vitanda vilikuwa vya makanisa.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kulikuwa na misheni zenye mabweni, kama Beagle Bay ya Wakatoliki, ambako wazazi wangeweza kupiga kambi jirani huku watoto wao wakilala ndani chini ya ulinzi wa watawa. Halafu kulikuwa na nyumba za watoto zilizowekwa mbali na ukoo: Bomaderry iliyoanza 1908, Colebrook ya Australia Kusini, Retta Dixon mjini Darwin. Katika misheni mtoto aliweza walau kusikia lugha yake ikisemwa ng'ambo ya ua. Katika nyumba za mbali hata hilo halikuwepo, na mengi ya majeraha yasiyopona yanatoka huko.

Tena watoto walichambuliwa kwa rangi. Nyumba ya Sister Kate, iliyofunguliwa Perth mwaka 1933, ilikusudiwa machotara wenye ngozi nyeupe zaidi, kwa matarajio kwamba wangemezwa na jamii ya Wazungu na asili yao isahaulike. A. O. Neville, ofisa aliyesimamia mambo ya Waaborijini wa Australia Magharibi kuanzia 1915 hadi 1940, hakulificha lengo hilo.

Msomaji wa Dodoma ana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Chama cha wamisionari wa Kianglikana cha CMS cha Australia, kilichomleta Tanganyika Askofu George Chambers, aliyewekwa wakfu mwaka 1927, na kujenga Dayosisi ya Central Tanganyika, ndicho kilichoendesha misheni ya Roper River, na ile ya Emerald River katika kisiwa cha Groote Eylandt walikopelekwa watoto machotara. Historia ya kanisa letu na ya mabweni yale zimo katika ukoo mmoja.

Sasa tazama daftari la kuwapokea watoto. Jina, umri, alikotoka, kiasi cha damu ya Kizungu, tarehe ya kuingia, alikopelekwa kazini. Karibu kila safu inaweza kupotosha. Jina ni la ubatizo, si alilopewa na mama. Umri ni wa kukisia, ndiyo maana wengi walipangiwa siku ya kuzaliwa ya 1 Januari au 1 Julai. Jina la mama limeandikwa kwa kusikia, likatokea kwa tahajia tatu katika vitabu vitatu, au halimo kabisa. Ndugu wawili wakipewa majina tofauti ya ukoo, karatasi zinawafanya kuwa wageni.

Ndiyo maana utafutaji hauanzi na jina, unaanza na mahali na mwaka. Ukishapata tarehe ya mtoto kuingia, unaliweka daftari la ubatizo kando ya jalada la polisi au la Mlinzi la miezi hiyo hiyo, kisha unalinganisha. Shirika la Link-Up limekuwa likiunganisha familia kwa njia za namna hii tangu 1980. Linakwama pale ambapo kitabu kimoja kati ya hivyo kimefungiwa kabatini.

Ripoti ya taifa ya mwaka 1997 kuhusu watoto hao ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970, kati ya mtoto mmoja katika kila kumi na mmoja katika kila watatu wa wenyeji asilia walitenganishwa na jamii zao. Mmoja wa walioongoza uchunguzi huo, Ronald Wilson, alikuwa amewahi kuwa rais wa Kanisa la Muungano la Australia. Kati ya mapendekezo 54 ya ripoti hiyo, mojawapo liliyataka makanisa yatambue nyaraka zao, yazihifadhi na kuzifungua. Makanisa yaliomba radhi, na ni vema. Lakini radhi haimwambii mzee wa miaka sabini mama yake alizikwa wapi.

Kila sanduku liorodheshwe. Faharasa ipangwe kwa jina la mtoto, la mama na la mahali. Nakala itolewe bure, kwanza kwa mwenyewe na ukoo wake, watafiti wasubiri. Awepo mtu wa kukaa naye jalada linapofunguliwa, maana maneno yaliyomo kuhusu mama yake mara nyingi ni matusi. Na akitaka kuandika sahihisho kwa mkono wake, karatasi hiyo ifungwe ndani ya jalada lile lile, mbele ya ukurasa wa kwanza.