Arusha tumefunga kamera, rekodi tumezitelekeza

Pita Njiro, Sakina au Kijenge utaona kamera kwenye mageti. Maduka ya Barabara ya Sokoine yanazo, na Moshi mjini ni hivyo hivyo. Sisi tunaoishi Uingereza tunaulizwa sana na ndugu wa nyumbani: mbona huko kamera zinawapeleka watu gerezani, na kwetu zinaonyesha kivuli cha mtu mwenye kofia tu? Vifaa vinavyofungwa huku Leicester ni ndugu wa vile vinavyouzwa Arusha. Wenzetu wanatuzidi kwenye kazi inayofuata baada ya picha kunaswa, na kazi hiyo tunaiweza kabisa.

Tuanze na siku. Huku halmashauri nyingi zimezoea kutunza picha za mitaani mwezi mmoja hivi, siku 31 kwa kawaida. Kwetu fundi anaweka diski ya kuhifadhia rekodi ya terabaiti 1 (gigabaiti 1,000) ili bei ipendeze, na mwenye nyumba haulizi. Piga hesabu: kamera moja inayorekodi megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 8 ni kama gigabaiti 345. Diski ile inajaa kabla siku ya tatu haijaisha, kisha mashine ya kurekodi inaanza kufuta picha za zamani yenyewe. Mtu amefunga nyumba Desemba 20 akaenda Rombo kula sikukuu, ameibiwa tarehe 23, amerudi Januari 2. Hakuna cha kumpelekea polisi.

Dawa yake haina siri. Mwambie fundi awashe H.265, njia mpya ya kubana video, badala ya H.264 ya zamani, ashushe picha kutoka 25 hadi 15 kwa sekunde, na kila kamera ibaki kwenye megabiti 2 kwa sekunde. Kamera 8 sasa zinakula gigabaiti 173 kwa siku, na diski ya terabaiti 6 inatosha mwezi mzima. Nunua diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, kama WD Purple au SkyHawk. Diski ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kuandika saa 24 bila kupumzika, na ikifa hutajua hadi siku unayoihitaji. Kwa hiyo kila mwezi fungua rekodi ya wiki tatu nyuma uitazame. Kuona picha ya moja kwa moja kwenye simu si uthibitisho kwamba diski inaandika.

Umeme ndio mzigo ambao wenzetu huku hawaubebi sana. Kamera 8 na mashine yake vinatumia kama wati 60. UPS ndogo ya kompyuta, kile kisanduku cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, yenye betri ya volti 12 na Ah 7 (ampea-saa, yaani ujazo wa betri), haifikishi hata saa moja. Betri ya Ah 100 ukiitumia nusu tu, ili isife mapema, inakupa saa 8 hivi: karibu usiku mzima. Mwizi anayejua mtaa hasubiri giza tu, anasubiri umeme ukatike.

Sasa tuje kwenye saa ya mashine, jambo linaloharibu kesi kimya kimya. Mashine nyingi zinakuja zimewekwa saa za China, GMT+8, saa 5 mbele yetu. Weka GMT+3, iunganishe na saa ya mtandao, na betri ndogo ya CR2032 iliyomo ndani ikichoka ibadilishe. Halafu angalia maelezo yanavyoandikwa kituoni: shahidi anasema saa 3 usiku, video inaonyesha 21:00, na mashine yenyewe imepitiliza dakika 12. Anayetoa rekodi aandike pale pale saa ya mashine na saa halisi ya simu, zote mbili, na tofauti yake. Wakili wa utetezi atauliza hapo kwanza.

Kuhusu uso wa mtu: kiwango kinachotumika Ulaya kinataka piseli (nukta zinazounda picha) 250 kwa kila mita ili umtambue mtu usiyemjua. Kamera ya 1080p ina piseli 1,920 kwa upana, basi inatambua uso kwenye eneo lenye upana usiozidi mita 7.7. Kwa lenzi pana ya milimita 2.8 hiyo ni kama mita 3 kutoka kamera ilipo. Getini weka ya milimita 6, ifike mita 7 au 8, na usiipandishe juu ya mita 2.5 hivi, juu zaidi itapiga picha za kofia na helmeti za bodaboda. Futa utando wa buibui na vumbi kwenye kioo, maana usiku mwanga wa kamera unarudi kwenye utando na picha inakuwa nyeupe tupu.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Huku mpelelezi anakutumia kiungo kwenye simu, unapakia faili halisi, na mfumo unaweka kumbukumbu ya kila aliyeifungua. Kwetu mtu anarekodi kioo cha televisheni kwa simu, anairusha WhatsApp, WhatsApp inaibana na kuifuta taarifa zake, na ndiyo hiyo hiyo inayofika kituoni. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hakiukatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila mahakama inapima ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama umebaki mzima. Kwa hiyo toa faili kwenye mashine yenyewe kwa fleshi mpya, pamoja na programu yake ya kuonyeshea video. Fleshi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, basi toa vipande vya dakika 30. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256; hiyo inatoa alama ya faili, na faili likibadilishwa hata kidogo alama nayo inabadilika. Herufi na tarakimu 64 zitakazotoka zinakiliwe kwenye maelezo yako. Nakala moja ya faili ipelekwe polisi ikiwa na namba ya RB, ile unayopewa kituoni ukiripoti tukio, nyingine ifungwe kwenye bahasha iliyosainiwa. Baada ya hapo mashine usiiguse.

Kuna pahali tunawashinda. Huku jirani akiombwa picha anaweza kusita kwa hofu ya sheria ya taarifa binafsi, na wiki zikapita. Kwetu unabisha hodi, mama wa duka anakufungulia. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo imeanza kutumika Mei 1, 2023, kwa hiyo kamera isielekezwe dirishani kwa jirani, na sura za watu zisirushwe kwenye makundi ya mtaa kabla mtu hajashtakiwa. Ningependa ofisi za serikali za mitaa ziwe na daftari moja: nani ana kamera inayoona barabara, inaelekea wapi, inatunza siku ngapi, na simu ya mwenye ufunguo wa mashine. Daftari likae kabatini kwa mwenyekiti, lifunguliwe mpelelezi anapokuja na RB.