Ng'ombe Huhama, Tuta Halihami

Mto Brahmaputra ukishaingia Bangladesh huitwa Jamuna, na hapo hautulii mahali pamoja. Unakula ukingo huku, unatapika mchanga kule, na mchanga ukishaota nyasi watu wanahamia. Visiwa hivyo wenyeji huviita char. Wanaohamia huko ni watu waliokosa pa kukaa katika nchi yenye zaidi ya watu 1,100 kwa kila kilomita ya mraba. Wangekuwa na pengine, wasingekwenda.

Je, fukara huyo asaidiwe hapo hapo alipo, au kumsaidia hapo ni kumfunga kwenye hatari?

Jaribio kubwa la jibu la kwanza lilikuwa Chars Livelihoods Programme, programu ya kuinua maisha ya wakazi wa visiwa hivyo, iliyoendeshwa kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo kuanzia 2004 hadi 2016 kwa fedha za Uingereza na, baadaye, Australia pia. Katika awamu ya pili pekee zilifikiwa kaya 78,000 hivi. Mwanamke wa kaya isiyo na ardhi alipewa fedha za kununua mali ya kumwingizia kipato, akachagua mwenyewe, na karibu wote walichagua ng'ombe. Kwa miezi 18 alipata mafunzo na kikundi cha kuweka akiba, na kwa sehemu ya muda huo posho ya kila mwezi. Nyumba yake iliinuliwa juu ya tuta la udongo, sentimita 60 kupita kimo cha mafuriko makubwa kuliko yote yanayojulikana pale.

Posho ndiyo wanayoibeza wengi, wakisema inazoesha watu kupewa. Hapo siwaungi mkono. Kati ya Septemba na Novemba, mpunga ukiwa bado shambani, kazi za kibarua hukauka na njaa huingia. Wenyeji wana jina lake: monga. Bila posho, ng'ombe wa msaada angeuzwa monga ya kwanza tu, tena kwa bei ya kutupa. Kazi ya kujaza udongo kwenye matuta nayo ilipangwa miezi hiyo hiyo, ikawa tuta linajengwa na mshahara wa kununua mchele unapatikana. Aliyepanga hivyo alijua njaa inaingia mwezi gani.

Ushahidi wa jumla pia uko upande wa watetezi. Shirika la BRAC la huko huko Bangladesh lilianza mwaka 2002 kuwapa mafukara mali, posho na usimamizi kwa pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Science ulipima mfumo wa namna hiyo katika nchi sita, kwa kaya zaidi ya 10,000, na kukuta nafuu ikiendelea mwaka mzima baada ya msaada kukoma. Ila Bangladesh haikuwa miongoni mwa nchi hizo sita, na mto unaokula ardhi halikuwa swali la watafiti.

Hapo ndipo wapinzani wana hoja nzito, nzito kuliko ile ya gharama wanayopenda kuanza nayo. Mafuriko na mmomonyoko ni maadui wawili tofauti. Maji yakipanda, tuta linaokoa watu, mbegu na mifugo, na huenda likarudisha gharama yake kwa msimu mmoja. Mto ukigeuza mkondo, tuta lenyewe linamezwa. Ng'ombe anapakiwa kwenye mashua. Hata nyumba ya mabati hufunguliwa vipande ikasafirishwa. Udongo uliobebwa kichwani kapu kwa kapu ndio unaobaki nyuma.

Kwa hiyo mimi ningesaidia pale pale, lakini uzito ningeuweka kwenye vitu vinavyohama: mifugo, akiba, ujuzi, fedha za kwenye simu. Hata hivyo ng'ombe naye ana masharti. Dume aliyenenepeshwa hupata bei nzuri karibu na Idi ya kuchinja. Yule anayeuzwa siku maji yanapopanda, wakati kila jirani anauza, huenda kwa hasara. Na bila tuta asingefika hata hiyo Idi, jambo linalonirudisha kulitetea tuta nililotaka kulipunguzia fedha.

Kinachokosekana ni ardhi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 1994, mtu ambaye ardhi yake ilimezwa na mto anaweza kuidai ikiibuka tena ndani ya miaka 30. Lakini hiyo inamfaa mwenye hati, na mara nyingi wenye nguvu hufika kwenye mchanga mpya kwanza, pamoja na watu wao wenye marungu. Ng'ombe na posho havimpi mtu hati. Familia ikishuka ng'ambo na mabati yake na mnyama wake, mtu wa kwanza inayelazimika kumtafuta ni mwenye kiwanja, na huyo ndiye anayepanga bei.