Shule za Montgomery na shule zetu za kata

Watanzania tunaoishi Maryland, pembezoni mwa Washington, tukipiga simu nyumbani tunasifia shule za huku kwa vitu vinavyoonekana: mabasi ya njano, maabara, kompyuta. Hivyo vyote ni fedha tu. Mimi kinachonigusa kwenye shule za Kaunti ya Montgomery ni namna zinavyoendeshwa, na jasho la watu waliozifikisha hapo.

Mfumo huu mmoja una wanafunzi wapatao 160,000 na shule zaidi ya 200, kuanzia Bethesda ya matajiri hadi Silver Spring na Gaithersburg walikojaa wahamiaji wa Ethiopia, El Salvador na kwetu Afrika Mashariki. Maryland nzima ina mifumo ya shule 24 tu, kila kaunti na wake, pamoja na jiji la Baltimore. Jirani yake Pennsylvania ina 500, na huko kitongoji cha wenye nazo kinaweza kubaki na kodi yake chenyewe. Montgomery, kodi ya jumba la Bethesda inaingia mfuko mmoja na ya kwetu sisi wa maghorofa ya kupanga.

Mfuko huo unapangiwa matumizi na bodi ya elimu yenye wajumbe wanane. Saba wanapigiwa kura na wakazi, na wa nane ni mwanafunzi anayechaguliwa kila mwaka na wanafunzi wenzake. Bodi ndiyo inayomwajiri mkuu wa mfumo mzima. Haina mamlaka ya kutoza kodi, kwa hiyo kila mwaka inabidi ipeleke bajeti kwa baraza la kaunti na kuitetea mbele ya watu, tarakimu zikiwa wazi kwa yeyote. Nimewahi kukaa kwenye kikao kimoja nikamsikia mama wa Kihabeshi akieleza kupitia mkalimani jinsi darasa la mwanawe lilivyofurika. Wajumbe walimsikiliza mpaka akamaliza. Nilitamani wazazi wa kijijini kwetu wangekuwapo.

Lakini asije mtu akasema wenzetu wamejaliwa tu. Mfumo huu ulianza mwaka 1860, na watoto weusi wakasubiri hadi 1872 kupata shule za umma, tena za peke yao na duni. Sekondari hawakuwa nayo ndani ya kaunti hadi 1927, ilipofunguliwa moja Rockville. Kabla ya hapo aliyetaka kuendelea alikwenda Washington. Shule zao kadhaa za msingi zilijengwa kwa michango na nguvu zao wenyewe, zikiongezewa ruzuku ya mfuko wa mfanyabiashara Julius Rosenwald. Yeyote aliyesomba mawe na kuchangishwa ili shule ya kata isimame, miaka ile ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, hahitaji kuelezwa hilo lilikuwaje.

Mwaka 1936 mwalimu mweusi wa Rockville, William Gibbs, aliishitaki bodi kwa sababu mshahara wake ulikuwa karibu nusu tu ya ule wa mwenzake mzungu. Wakili wake alikuwa kijana Thurgood Marshall, ambaye baadaye alikuwa mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka uliofuata bodi ilikubali kusawazisha mishahara. Ubaguzi shuleni ulianza kuondolewa 1955 na ukafutwa rasmi 1961. Tanganyika ilifuta shule za kutenganisha Mzungu, Mhindi na Mwafrika kwa sheria iliyoanza kazi Januari 1962. Tulikuwa sambamba kabisa!

Kuna jambo moja ambalo nyumbani tumewashinda. Huku mtoto anapangiwa shule kwa anwani ya nyumba, na nyumba zilizo karibu na shule zinazosifika bei yake haishikiki. Kila bodi ikigusa mipaka ya shule, mikutano huwaka moto. Kwetu mtoto wa mkulima wa Kasulu akifaulu vizuri anaweza kuchaguliwa kwenda shule za vipaji maalumu za serikali kama Ilboru, Kibaha au Kilakala, wala haulizwi baba yake amejenga wapi. Tusikubali kuipoteza haki hiyo.

Tunapokwama ni kwenye sauti ya mzazi. Serikali za mitaa zilivunjwa 1972 zikarudi miaka ya themanini, na mazoea ya kusubiri maelekezo kutoka juu hayajatutoka. Elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ilianza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini ni wazazi wangapi wanajua imeingia kiasi gani? Kamati ya shule ipo kisheria, ila sehemu nyingi nilizozifahamu wazazi huitwa pale tu choo kinapotitia au dawati zinapopungua. Afisa elimu anateuliwa, anahamishwa, na mzazi hana pa kumhoji.

Hili halihitaji dola za Montgomery. Fedha zilizoingia kila robo mwaka zibandikwe kwenye ubao wa shule na wa ofisi ya kata. Rasimu ya bajeti ya elimu isomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla baraza la madiwani halijaipitisha, na mwenyekiti wa kamati ya shule apewe nafasi ya kusema mbele ya madiwani hao, maneno yake yaingie kwenye muhtasari.