Roboti ya kufagia ipimwe kwa mchanga wa Tanga

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na kijana anayemwaga mchele juu ya zulia. Mchele mkavu, safi, punje zinahesabika. Roboti inapita, zulia linabaki tupu, naye anaigeukia kamera na kutoa alama: kufagia tisa, kudeki nane, kujimwaga taka kumi juu ya kumi. Bei zimeshuka, anasema, sasa kila nyumba inaweza kuwa nayo. Kisha inakuja namba ya muuzaji wa Kariakoo na ahadi kwamba mzigo wa mkoani unatumwa kwa basi siku hiyohiyo.

Nani kwao sakafu inachafuka kwa mchele? Anayekaa Sahare, Raskazone, Chuda, au hata Ngamiani katikati ya zile barabara za namba, anajua kinachoingia ndani. Ni mchanga. Unaingia na miguu ya watoto, unaingia na matairi ya baiskeli inayolala ukumbini, unaingia na kaskazi ikishapata upenyo dirishani. Ni mwembamba, na hewa ya bahari imeutia unyevu, kwa hiyo unashikana na sakafu. Juu yake weka machicha ya nazi, magamba ya samaki, na vipande vya rasta siku ambayo binti amesukiwa nywele barazani. Hizo ndizo taka zetu. Sijaona mtu hata mmoja anayetupimia roboti kwa taka hizo, na watu wanatoa fedha za akiba kwa kuamini alama za mchele.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili kwa uchungu. Mama mkubwa wangu anakaa Ngamiani na magoti yamemchoka. Kuchutama na tambara la kudekia hawezi tena, na kukaa kwenye nyumba chafu hakubali. Wanawe walio mbali wakachanga, wakamnunulia roboti moja ya hizi za bei nafuu: inafagia, inadeki, na ina kituo cha kujimwagia taka. Laki saba na ushee hadi kufika Tanga. Mimi ndiye niliyekwenda kuifunga, na ikikwama mimi ndiye ninayepigiwa simu. Nimeitazama ikifanya kazi kwenye sakafu ya saruji, kwenye mkeka, kwenye vyumba vya nyumba ya Kiswahili, na kila nikiitazama najiuliza aliyeitengeneza alikuwa anamfikiria nani.

Nianze na hicho kituo, kwa sababu ndicho kinachouza mashine hizi.

Ndani ya roboti kuna kisanduku kidogo cha taka, mara nyingi hakifiki nusu lita. Roboti ikirudi kujichaji, feni kubwa iliyomo ndani ya kituo inanguruma kwa sekunde chache na kuzivuta taka kupitia tundu hadi kwenye mfuko wa karatasi wa lita mbili na nusu au tatu. Wazo lenyewe ni zuri. Kampuni ya iRobot ya Marekani ilipotoa Roomba i7+ mwaka 2018, kuwa na kituo cha namna hiyo kulikuwa anasa ya mashine ya karibu dola elfu moja. Baadaye viwanda vya China vikaiteremsha bei hadi ikatufikia sisi. Kwenye boksi wameandika mfuko unakaa siku 60, wengine wanazidisha.

Siku hizo ni za nyumba nyingine. Ni za nyumba yenye mazulia ukuta hadi ukuta na madirisha ya vioo yaliyofungwa, ambayo taka zake ni manyoya ya paka na nyuzi za nguo, vitu vyepesi, vikavu, vinavyojaa mfukoni taratibu. Mfuko wa karatasi unafanya kazi kwa kupumua: hewa inapita kwenye vitundu vyake, taka zinabaki ndani. Vumbi laini likishaziba vile vitundu, hewa haina pa kutokea, na feni inguruma itakavyo, haivuti tena. Kwa mama mkubwa mfuko uliziba ukiwa haujafika hata nusu. Roboti ikawa inarudi kituoni, inasikika ikinguruma kama kawaida, kumbe kisanduku chake kimebaki na taka zilezile, kisha inatoka kwenda kufagia ikiwa imeshiba. Asiyefunua kutazama hawezi kujua, na mashine haisemi.

Halafu kuna uzito. Mchanga ni mawe madogo. Unyoya unapaa na upepo, mchanga unabaki kwenye kona za njia, hasa pale tundu la roboti linapokutana na tundu la kituo. Masika ikiingia na unyevu ukazidi, vumbi linaganda pale mdomoni mithili ya udongo wa kukandikia. Kulitoa inabidi mtu apige magoti, aifunue mashine, achokonoe kwa chelewa. Apige magoti! Mashine iliyonunuliwa ili mama wa watu asipige magoti.

Na mifuko? Kwenye boksi unakuta mmoja, ukibahatika miwili. Ikiisha, unaanza kutafuta, na kila kampuni imelikata kadi la mdomo wa mfuko kwa umbo lake, kwa hiyo mfuko wa jirani hauingii kwako. Tanga mjini nimeuliza hadi nimechoka. Muuzaji aliyetuma roboti kwa haraka vile, akiulizwa mifuko anajibu mzigo uko njiani. Fundi cherehani alitushonea wa kitambaa, ukakaa vizuri mahali pake, lakini ukawa unapitisha vumbi hadi kwenye feni, tukauondoa.

Ubaya mkubwa zaidi wa kituo kwenye mashine ya bei ya chini, nao hausemwi kabisa, ni kwamba kina gharama yake. Plastiki yote ile, ile feni, ule umeme wake, vyote vinalipiwa. Bei ikishapangwa iwe ndogo, fedha ya kituo inakatwa mahali pengine, na mara nyingi inakatwa kwenye roboti yenyewe. Inakatwa kwenye macho, yaani unapewa mashine isiyo na leza ya kupima chumba, inayokwenda kwa kugonga na kukisia, inayopita mahali pamoja mara nne na kona moja isiifikie. Inakatwa kwenye betri. Inakatwa kwenye kudeki. Ukiziweka mashine mbili za bei moja, moja ina kituo na nyingine haina, ile isiyo na kituo mara nyingi ndiyo inayofagia vizuri zaidi, na kufagia ndiko tulikoinunulia. Kisanduku cha nusu lita kinamwagwa kwenye ndoo ya taka ukiwa umesimama wima, kwa nukta chache, baada ya mtoto yeyote wa nyumbani kukuletea mezani. Kazi hiyo haikuwa mzigo wa mtu. Mzigo ulikuwa sakafu.

Kudeki sasa. Roboti ya bei hii haideki, inaburuta kitambaa chenye maji. Hakuna mkandamizo wa mkono, kitambaa hakikamuliwi, na kile kituo kinachosifiwa kinamwaga taka kavu tu, kitambaa hakikioshi. Kikishapita jikoni kimebeba jikoni yote, kinakwenda nayo chumbani. Kwenye mkeka hakijiinui, kwa hiyo mikeka ikunjwe kwanza. Mkilazimisha ifagie na kudeki kwa pamoja, mchanga mwembamba unakutana na maji na mnapata michirizi ya tope sakafu nzima, ambayo ikikauka inaonekana vizuri sana kwenye saruji nyekundu. Mama mkubwa aliitazama ile michirizi, akanitazama na mimi, akasema, "Mwanangu, hiki nacho chataka kufuliwa." Na nani atakifua? Kitambaa kinabanduliwa chini ya tumbo la mashine, kwa kuinama.

Alama nane za kudeki zimetoka wapi, jamani?

Vizingiti navisema kwa ufupi kwa kuwa kila mwenye nyumba ya zamani atakuwa ameshanielewa. Roboti hizi zinapanda kama sentimita mbili. Milango ya Ngamiani ina vizingiti vinavyozidi hapo, kwa hiyo mashine inasafisha chumba kimoja na kusubiri ibebwe hadi chumba kingine, na ikibebwa ndiyo imetenganishwa na kituo chake. Hapo hata ile sifa ya kujimwaga inakufa.

Umeme wenyewe haulaumiki kwa gharama. Betri ya kawaida inabeba takriban wati-saa 37, na yuniti moja ni wati-saa 1,000, maana yake hata ukitoa umeme unaopotea, yuniti moja inaichaji zaidi ya mara kumi na tano. Tatizo ni umeme ukikatika katikati ya kazi. Kituo kinaiita roboti kwa mwanga usioonekana. Kikizimika, mwito nao unazimika, na mashine inazunguka ikitafuta nyumbani hadi betri inaisha chini ya kochi.

Intaneti: nyingi zinakubali waifai ya masafa ya 2.4 GHz peke yake, na nyumba nyingi kwetu waifai ni simu ya mtu. Simu ikitoka, roboti inabaki na kitufe chake cha kuwasha na basi.

Paskali, kile kipimo cha nguvu ya kuvuta, pia tuziache. Wauzaji wanashindana 4,000, 6,000, 8,000. Namba hizo zinatoka kwa mtengenezaji mwenyewe, na paskali inapima mvuto wakati mdomo umezibwa. Haisemi hewa kiasi gani inapita mdomo ukiwa wazi juu ya sakafu. Kwenye saruji laini au marumaru mchanga hauhitaji nguvu kubwa kuinuka. Unahitaji brashi ya pembeni izunguke polepole, kwa sababu ikizunguka kasi inaurusha mchanga ukutani badala ya kuusogeza kwenye mdomo. Niambie kama brashi hiyo inapunguzwa kasi. Hilo ndilo lingenisaidia, na hakuna anayelisema.

Nikubali yanayokubalika. Chini ya kitanda na chini ya makochi, mahali ambapo fagio halifiki bila kuhamisha vitu, roboti inafika na inatoa vumbi ambalo hakuna aliyejua lipo. Hilo nimeliona na sitalikana. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu, na yenye njia ya uhakika ya kupata mifuko, kituo kina maana, kwa kuwa kisanduku kikimwagwa kwa mkono kinafuka vumbi. Na chumba kimoja kikubwa cha marumaru, kisicho na vizingiti, kama nyumba mpya nyingi za kuelekea Pongwe, kinaipa nafasi ya kufanya kazi kweli.

Lakini kuna tangazo moja ambalo sitalisamehe. Linasema nunua roboti, sahau dada wa kazi. Kwa amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023, kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Zidisha kwa mwaka mzima: 720,000, ndiyo bei ya ile mashine. Anayelipwa hivyo anafagia, anadeki, anafua, anapika, anamwinua mtoto aliyeanguka, anajua maji ya bomba yanatoka saa ngapi. Kumlinganisha na plastiki inayoshindwa na kizingiti ni kumdharau binti wa watu, na kumdharau mbele ya watoto wanaotazama tangazo hilo. Aliye na laki saba na ana dada nyumbani, amwongeze mshahara. Amnunulie na dekio la mpini mrefu na ndoo yake ya kukamulia, mgongo wake nao ni mgongo.

Kwa mama mkubwa tumekiondoa kituo, kimewekwa stoo. Roboti inachajiwa kwenye kitako kidogo tulichokitafuta, inafagia ukumbi peke yake, asubuhi, mikeka ikiwa imekunjwa. Kitambaa cha kudekia hatukifungi kabisa. Mjukuu anamwaga kisanduku akitoka shule na kukata nywele zilizojisokota kwenye brashi kwa wembe. Vyumbani kunadekiwa kwa dekio la mpini. Mpango huu unamfaa, na ungewezekana kwa nusu ya fedha zilizotumika.

Kwa hiyo anayetaka kununua, na najua wengi mnataka kuwanunulia wazazi, fedha yako ndogo iweke kwenye leza, betri na brashi. Kituo kiache. Kudeki kuchukulie kama hakupo. Pima kizingiti kwa rula kabla ya kupiga simu. Ukishapiga, muulize muuzaji mfuko mmoja ni shilingi ngapi na anayo mingapi dukani leo, chujio linaoshwa au linatupwa, brashi ya akiba iko wapi, na kama ikikwama ndani ya mwezi wa kwanza atairudisha Dar kwa nauli ya nani. Majibu hayo yaandikwe kwenye risiti kabla hujatuma hela.