Mama kajengewa Kange, barazani kabaki nani?

Mwambie mtu wa Ngamiani, Tanga, kwamba Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke, atacheka mpaka kahawa imwagike. Waziri wa nini? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Januari 2018 kazi hiyo alipewa Tracey Crouch, baada ya ripoti ya tume iliyobuniwa na mbunge Jo Cox, ambaye aliuawa Juni 2016 kabla tume yake haijaanza. Mwaka 2021 Japani nayo ikateua wake.

Kicheko kinaeleweka. Kwetu pwani upweke tumeufanya ugonjwa wa Wazungu: wao ndio huwatia wazazi wao kwenye nyumba za wazee, sisi tuna undugu, tuna ujirani, tuna baraza. Sisi tulioishi huku Uingereza miaka mingi tumeyasema hayo kwa kujivuna, hasa Desemba, jua linapozama kabla ya saa kumi jioni na nyumba zote mtaani zimefunga mapazia. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu nyingine tumeitumia kujifichia.

Walichofanya wenzetu ni kukiri kwamba kukaa na mzee hakujitokezi kwenyewe, kisha wakakufanyia ratiba. Ukiwatazama kwa karibu watu wanaojitolea kazi hii huku, utaona hawana maajabu. Wana siku na saa. Mtu mmoja hupewa mzee mmoja, Jumanne saa nane mchana mathalani, saa nzima, kila wiki. Kabla ya hapo hutakiwa watu wawili wa kumdhamini kwa tabia na rekodi yake ya polisi huchunguzwa. Cheti cha uchunguzi huo mtu wa kujitolea halipii ada. Siku ya kwanza hupelekwa na mratibu, haendi peke yake. Na hupewa miiko: asishike pesa wala kadi ya benki ya mzee, asimpe dawa, asimnyanyue akimkuta kaanguka bali apige simu ya dharura, asikae na ufunguo wa nyumba. Miiko hiyo humlinda mzee, lakini humlinda zaidi mgeni. Siku bangili ya dhahabu ikipotea, anayeangaliwa kwanza ni yule aliyekuja kwa hisani.

Kuna wanaofanya kwa simu. The Silver Line, iliyoanzishwa na mtangazaji Esther Rantzen na kufunguliwa nchi nzima Novemba 2013, hupokea simu za wazee usiku na mchana bila malipo. Mbali na hiyo kuna wanaojitolea kumpigia mzee mmoja kila wiki, nusu saa hivi. Sheria ya kazi hiyo ni moja tu ngumu: asipopokea ufanye nini? Waliozoea wanajua. Subiri dakika kumi, huenda yuko chooni au hakuisikia. Piga tena. Kimya? Mjulishe mratibu, yeye ampigie jirani au ndugu aliyeandikwa kwenye fomu, na ikibidi polisi wakagonge mlango. Jina la jirani lisipoandikwa tangu siku ya kwanza, mnyororo wote huo hukatikia hapo.

Na kuna chai ya Jumapili. Tangu 1965 kikundi ambacho leo kinaitwa Re-engage hukusanya wazee wachache wa miaka 75 na zaidi, mara moja kwa mwezi, Jumapili alasiri, nyumbani kwa mwenyeji aliyejitolea. Jumapili haikuchaguliwa ovyo: maduka hufunga mapema, mabasi hupungua, na kwa aliye peke yake hiyo ndiyo siku isiyokwisha. Wenye magari huwafuata wazee mlangoni, hukaa nao kunywa chai, huwarudisha. Wenyeji hupokezana, kwa hiyo zamu humfikia mtu mara moja au mbili kwa mwaka. Nyumba haichaguliwi kwa uzuri wake. Huulizwa mambo mawili: ngazi ngapi kutoka barabarani, na choo kiko wapi. Choo cha ghorofani huvunja shughuli. Mzee hatakwambia, atasema tu hajisikii vizuri wiki hii, na wiki ijayo, mpaka umwache.

Panapoharibika napo panajulikana. Mgeni huanza na moto, wiki ya sita anakosa, ya nane anatuma ujumbe, ya kumi hayupo. Mzee amekaa dirishani, kavaa vizuri tangu mapema. Afadhali asingekuja kabisa. Ndiyo maana waratibu wazuri hutaka mtu aahidi miezi sita au mwaka, na akiondoka aje kuaga, tena aje na atakayempokea. Wiki ya kwanza ya Juni nchi nzima huwashukuru wanaojitolea, kwa vyeti na keki. Keki si mbaya. Ila anayestahili kutajwa kwa jina ni yule aliyekuja Jumanne ya arobaini na tatu, mvua ikinyesha.

Sasa turudi Tanga.

Wanaojitolea kwetu hawajiiti hivyo, na hiyo ndiyo raha ya Tanga. Kijana anayemsomea babu Yasini baada ya swala ya Ijumaa. Binti anayemtekea maji bibi asiye wake. Muuza kahawa, ambaye hajitolei, anauza, lakini anapita saa ile ile kila jioni akigonganisha vikombe, na akipita mara mbili bila kumwona mzee fulani kibarazani, atauliza. Huku kazi ya muuza kahawa imebidi igawanywe kwa watu watatu na fomu. Hilo tuna haki ya kujisifia.

Lakini vibaraza vinapungua, na sehemu ya lawama ni yetu tulioko nje. Mtoto akipata uwezo Ulaya au Arabuni, la kwanza ni kumtoa mama Ngamiani, kwenye nyumba ya vyumba sita na kibaraza kinachotazama barabara, kumjengea pembezoni mwa mji, Kange au Mwahako. Vigae, maji ndani, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, geti la chuma. Mama anashukuru, anaomba dua, anahamia. Shoga zake wamebaki mjini, kila kuonana ni nauli ya bajaji kwenda na kurudi, na goti halitaki. Mwenzake ni dada wa kazi mwenye miaka kumi na tisa na simu yake. Tumetumia mamilioni kumhamishia mama kwenye upweke ule ule tunaowacheka nao Wazungu, kwa mapenzi kabisa.

Wengine hata wa kuwajengea hawana. Mashamba ya mkonge, kuanzia Pongwe na Muheza mpaka Korogwe, yalijazwa na manamba waliotoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Waliokuja kwa mkataba wakakaa maisha. Mkonge ulipoanguka bei, kambi zikabaki nao. Mzee wa namna hiyo hana ukoo wa kumwita harusini wala wa kumlilia. Baadhi huishia kwenye makazi ya wazee, kama yale ya Mwanzange, ambako Ramadhani na sikukuu wageni huja na sabuni, mchele na kamera. Mfungo mosi ukipita, kimya.

Na hapa tuseme ukweli unaouma kidogo. Kila mtaa wetu una chama cha kufa na kuzikana. Mzee akifariki saa nne asubuhi, saa saba turubai limesimama, viti vimefika, masufuria yako motoni, daftari la michango limefunguliwa. Tunajua kupanga! Ni kwamba tumepangia maiti. Uongozi ule ule, daftari lile lile, lingeweza kuwa na ukurasa wa walio hai.

Ukurasa huo uweje? Udogo wake ndio siri. Wazee sita, watembeleaji wanane ili wawili wawe wa akiba, mratibu mmoja. Pasiwe mbali zaidi ya robo saa kwa baiskeli. Tanga ni tambarare na baiskeli haijatuishia. Mkianza na wazee thelathini kwa sababu mfadhili anataka namba kubwa, mwezi wa tatu mtakuwa na orodha tu. Majina yatoke kwa mjumbe na baraza la wazee la kata, na afisa ustawi wa jamii ajue mapema, maana ipo siku mtamkuta mzee ana njaa au ana michubuko, na hilo si la kumalizwa na mtembeleaji. Msiulize "nani anaishi peke yake?" Ulizeni nani hajatoka nje wiki hii. Mtu anaweza kuwa mpweke katika nyumba ya watu tisa, shikamoo anapewa na kila apitaye, na asipate hata mmoja wa kukaa. Shikamoo ni nusu dakika. Tunazungumzia saa nzima.

Saa yenyewe ni baada ya alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu. Mchana wa jua mzee amelala, magharibi watu wanajiandaa kwa swala. Ramadhani hamieni asubuhi, kwani alasiri nyumba nzima iko jikoni. Masika njia za Mabawa na Duga zikijaa matope, simu ichukue nafasi ya miguu, siku ile ile, saa ile ile. Mwanamke aende kwa bibi, mwanamume kwa babu, mkae barazani au mlango ukiwa wazi.

Siku ya kwanza nendeni na mjumbe, na mpigieni simu mtoto wa mzee, hata akiwa Muscat au Manchester. Msipofanya hivyo, ndani ya wiki mbili ukoo utasema mgeni anatafuta hati ya kiwanja. Kwa hiyo mwiko wa kwanza Tanga uwe huu: usishike wala kusoma karatasi yoyote ya nyumba, hata ukiombwa. Mwiko wa pili: mikono mitupu. Ukipeleka kilo ya sukari mara mbili, mara ya tatu wataangalia mfuko kabla ya uso, na siku huna sukari utaona aibu usiende. Mwenye njaa apelekewe chakula na mtu mwingine, siku nyingine. Mwiko wa tatu hauhitaji maelezo: picha hakuna.

Na mnafanya nini saa nzima? Kwa wazee wa kiume bao linatosha, na ukifungwa ndiyo vizuri. Kwa bibi, mpelekee miaa, majani ya kusukia mikeka, umwombe akufundishe ukili, ule msuko wake. Kidole cha mkono wa pwani kinakumbuka ukili hata jicho likiwa na mtoto wa jicho. Atasuka gizani wewe ukihangaika na miaa minne mchana kweupe. Tofauti ni kubwa: badala ya kusaidiwa, anasomesha. Ukirudi wiki ijayo na ukili uliopotoka, ana la kukusema.

Masikio yana elimu yake. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba, s, f, sh, ch, ndiyo maana mzee anasikia kwamba unasema lakini hasikii unasema nini. Kupiga kelele hakusaidii, humfanya aone unamgombeza. Teremsha sauti iwe nzito, sema polepole, kaa umtazame, mwanga uangukie usoni mwako na si mgongoni. Zima feni. Redio nayo, kama mwenye nyumba ataridhia.

Kwa sisi wa nje, mchango wa maana ni wa vitu vidogo visivyopigwa picha: vocha ya mratibu kila mwezi, tyubu na tairi za baiskeli, nauli ya bajaji ya kumrudisha mama Ngamiani Alhamisi akakae na wenzake. Bajaji ina kidato kifupi; daladala usimpandishe. Na simu yako iwe na saa ya Tanga. Saa za Uingereza hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, za nyumbani hazibadiliki. Tofauti ni saa mbili kiangazi na tatu baridi. Ukishikilia saa yako ya huku, Novemba mama atakaa saa nzima na simu mapajani, akidhani umepata ajali.

Na kama Kange bado hamjapiga ukuta, mwambieni fundi aache kibaraza nje yake, upande unaotazama mashariki ili alasiri kiwe kivulini, kimo sentimita 45 hivi ili magoti yainuke bila kushikwa, na paa fupi juu. Muuza kahawa atajua pa kupita.