Mia Mbili ya Bi Mwanaidi

Mtaani kwetu Tandika ukijulikana kidogo tu kwamba unakusanya sarafu, basi kila mwenye kichuma cha mviringo anakuona wewe ni benki. Bi Mwanaidi, muuza vitumbua, akaja na mia mbili yake.

"Mwanangu, hebu mtazame Karume. Kapigwa panga?"

Kweli, mstari mwembamba ulianzia ukingoni ukampitia shavuni. Nikaupapasa kwa ukucha: umeinuka, haujachimbika. Mkwaruzo huchimba, mstari ulioinuka maana yake muhuri wa kugongea sarafu ulipasuka, madini yakajaa kwenye ufa.

"Kosa la kiwandani kweli, bibi. Ila muhuri ukichoka hupasuka, na kila sarafu inayofuata hutoka na ufa uleule. Ziko tele. Hii thamani yake ni mia mbili."

Uso ukamshuka. Kwa huruma nikamsimulia la Uingereza: mwaka 2008 walibadilisha sura ya peni 20, wakahamishia mwaka upande wa pili, kisha mihuri mipya na ya zamani ikachanganywa. Sarafu zikatoka hazina mwaka kokote, na London kuna waliotangaza kununua moja kwa pauni 50.

Huruma hiyo iliniponza. "Ziko tele" haikuvuka hata kizingiti. "Pauni 50" ilifika hadi kituo cha daladala.

Jioni foleni mlangoni. Huyu yake imekanyagwa na bajaji, yule kaitoboa mwenyewe kwa msumari. Nikisema haina kitu, wanakonyezana: "Anataka tumuuzie bei ya kutupa."

Kesho yake Bi Mwanaidi akarudi. Kaisugua kwa ndimu na majivu "ufa uonekane vizuri". Jamani! Mkusanyaji akiona sarafu iliyosuguliwa anaipa kisogo. Yaishe tu, nikampa ofa ya mia tano.

"Ahaa! Mia tano ya nini, na umesema haina thamani?" Akaifunga kwenye pindo la kanga, huyoo.

Usiku mjukuu wake akaifungua, akaenda kununulia ubuyu kwa Mangi. Yowe la bibi lilipofika dukani, Mangi akafunga droo.

Juzi nimenunua kiberiti pale, nadai chenji mia mbili. Nikapewa pipi nne.

"Mangi, si naziona mia mbili hapo?"

"Hizo hazijakaguliwa."

"Nikukagulie?"

"Wewe?" Akaongeza pipi ya tano, nitoke dukani.