Sabufa Ilikuwa Nzima, Mpaka Nilipoishika Mimi

Najua mmeshasikia. Yule rafiki yangu asiyejua kufunga mdomo kishasambaza kwamba nimeitoboa sabufa ya shemeji kwa bisibisi, eti kwa hasira. Uongo. Sikuwa na hasira hata chembe. Nilikuwa na uhakika, na huo ndio ulioniponza.

Sabufa ilikuwa bubu tangu asubuhi. Ukiwasha, amplifaya inatoa ile taa nyekundu ya kujilinda, basi, kimya. Nikamwambia shemeji, "Koili imeungua hiyo, shem." (Koili ni ule waya uliozungushwa ndani ya spika, unaoitikisa.) Hapo sijagusa kitu. Akaniangalia kwa heshima. Jamani, mtu akikuangalia kwa heshima ya namna ile, kimbia.

Nikatoa mita, nikachomoa waya upande wa amplifaya, nikapima ukinzani wa umeme kwenye ncha zake: om 0.3. Spika ya om 4 ikiwa nzima husoma 3 na ushee. Ikikaribia sifuri, kuna shoti. Nikatangaza msiba. (Mliosoma umeme, nyamazeni kwanza. Najua. Nilipima spika pamoja na waya wake wote. Tutafika.)

Nikainusa: hakuna harufu ya kuungua. Nikabonyeza karatasi ya spika, ile ya mbele inayotetema, kwa vidole vya mikono miwili, ikashuka ikapanda laini, bila kukwaruza, na koili iliyoungua mara nyingi hukwaruza. Yaani mgonjwa mwenyewe ananiambia haumwi. Mimi nikasema, "Inajificha." Ndiyo, nilisema hivyo, mbele za watu.

Nikafungua skrubu nane. Spika haitoki, gasketi imeng'ang'ania mbao. Nikachomeka bisibisi bapa pembeni, nikakandamiza. Wapi. Nikaongeza bega. Rafiki yangu akasema, "Fundi, polepole." Nikamjibu, "Hii kazi ina wenyewe."

"Wenyewe" haijatoka yote mdomoni, spika ikafyatuka. Mkono ukatangulia, mimi nikaufuata. Niliiona ncha ikipita juu ya mpira wa pembeni bila kuugusa, nikapata hata nafasi ya kushukuru. Kisha ikainama kuelekea katikati. Naapa ni sumaku iliyoivuta, na nitalisema hilo mpaka naingia kaburini. Ikatua kwenye karatasi. Karatasi ikabonyea kidogo, kama inaniuliza kwa mara ya mwisho kama nina hakika. Halafu: po! Nikaachia. Bisibisi ikabaki imesimama wima palepale, inatikisika. Hakuna aliyepumua. Wa kwanza kucheka alikuwa mtoto wa shemeji, na yule mtoto hata kuongea vizuri bado.

Kwa kukosa pa kuweka macho, nikachomoa vile viwaya vya ndani, nikapima kwenye spika yenyewe. 3.4. Nzima! Nikageuza boksi. Nyuma, pale waya unapofungwa, uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umechomoka kwenye waya mwekundu ukaenda kuulalia mweusi. Shoti yenyewe ndiyo hiyo, ya kutolewa kwa kucha. Nani aliyefunga waya ule mwezi uliopita? Msiniulize. Shemeji naye hakuuliza, maana siku ile alikuwepo, alinishikia tochi.

Gundi, kipande cha karatasi, usiku mmoja wa kukauka. Inapiga. Ila besi ikishuka sana kiraka kinatoa mluzi, na kila kikitoa mluzi shemeji anapunguza sauti, ananigeukia, anasema, "Fundi, unaitwa."